Amplifaya kwenye redio iliyokuja na pikipiki: sauti niivute wapi?

Boda wa Mlandizi
Wakuu, habari za kazi. Pikipiki yangu ni 150 ya Kichina, imetoka dukani na redio yake na spika mbili kwenye usukani. Mjini inasikika vizuri, ila nikishika lami ya Chalinze upepo unaimeza yote. Nimenunua amplifaya ndogo ya chaneli mbili. Shida ni kwamba nyuma ya redio hakuna matundu ya RCA (yale ya duara ya kutolea sauti kwenda amplifaya), zinatoka nyaya nne za spika tu. Fundi mmoja hapa stendi anataka achukue zile chanya mbili, za hasi azifunge kwenye bodi, yaani chuma cha pikipiki. Roho inasita. Betri ni 12V, 5Ah. Mwenye uzoefu anielekeze kabla sijakata waya.

Fundi Umeme
Mkuu, usimruhusu kabisa. Kwenye redio nyingi za hivyo hasi ya spika siyo bodi, nyaya zote mbili zinabeba sauti. Ukigusisha mmoja kwenye bodi, IC, ile chipu ya sauti ndani ya redio, inaweza kuungua hapohapo. Pima mwenyewe: washa redio, shusha sauti mpaka mwisho, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu uipitishe kwenye waya mmoja mmoja wa spika. Ukisoma kama volti 6 kila waya, yaani nusu ya betri, ujue ndiyo hizo. Halafu kagua amplifaya: kama ina soketi ya kupokea nyaya za spika, ingiza zote nne humo. Kama haina, nunua kibadilishi cha kutoa RCA, siyo bei kubwa.
Umeme wake utoe kwenye betri moja kwa moja, chanya na hasi, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Waya wa kuwashia uchukue baada ya swichi ya ufunguo, ukizima pikipiki nayo ilale.

Mzee wa Betri
Niongeze kidogo. Maandishi ya wati elfu moja kwenye boksi achana nayo, soma fyuzi yake. Ikiwa ya 10A, zidisha kwa 12: inakula wati 120 hivi, na zinazofika kwenye spika ni pungufu ya hapo. Ukiwa kijiweni umezima injini, hata ikila ampea 5 tu betri yako inaisha ndani ya saa moja, na stata itagoma mapema zaidi. Muziki mkubwa uwe wa barabarani.

Boda wa Mlandizi
Nimepima: 6.1 na 6.1, upande wa pili vilevile. Soketi ya nyaya za spika ipo. Asanteni sana, wakuu. Nyaya nizipitishe wapi?

Fundi Umeme
Chini ya tangi, mbali na waya wa plagi, la sivyo utasikia mlio unaopanda na mafuta. Kabla ya kukaza zipu za plastiki za kufungia nyaya, kata usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, uone kama kuna waya unaovutika pale shingoni.