Kuandika hadithi kwa lugha mbili na kusomea filamu: kuna aliyeweza?

benchi_la_mbele
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mwanza, usiku naandika hadithi. Nyingine zinanijia kwa Kiswahili, nyingine kwa Kiingereza, wala sizipangi. Sasa nimepata nafasi ya kusoma uzamili wa filamu na nyumbani hakukaliki. Baba mdogo anasema mshika mbili moja humponyoka, na mimi nimeshika tatu.

Filamu sikuianzia darasani. Niliianzia kibanda umiza cha mtaani kwetu, tumebanana kwenye mabenchi, mkanda wa kigeni unacheza na sauti ya msimulizi Lufufu inatusimulia kwa Kiswahili juu yake. Siku moja mwenye kibanda aliweka picha ileile bila Lufufu. Tulipiga kelele mpaka akaturudishia hela. Hilo ndilo nataka kuliandikia tasnifu: kwa nini tulimfuata msimulizi kuliko stelingi.

Kinachonitisha ni hiki. Mwezi jana nilijaribu kuipeleka hadithi yangu moja kwenye Kiingereza. Mume anaingia usiku wa manane, mke anamwambia, "Umekuja?" Basi. Kwa Kiswahili chumba kizima kinapoa. Kwa Kiingereza anauliza kitu anachokiona kwa macho. Nina siku nne nahangaika na neno hilo moja. Kuna mtu aliyeishi hivi, lugha mbili na filamu juu yake, asizame?

kalamu_ya_mkaa
Mkuu, mbona jirani tu hapo Limuru alikuwepo. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya nne kwa Kiingereza kabla hajafungwa Kamiti, na humo gerezani akaandika ya Kikuyu kwenye karatasi za chooni. Iliyofuata baadaye, *Matigari*, nayo ni ya Kikuyu. Mwaka 1986 akatangaza kwamba Kiingereza basi, sasa ni Kikuyu na Kiswahili. Watu wanasahau kwamba miaka hiyohiyo alikuwa Stockholm anasomea filamu, mtu mzima anayekaribia hamsini! Mwaka 1994 yeye na Manthia Diawara, msomi wa filamu kutoka Mali, wakatoa filamu kuhusu Ousmane Sembène, mwandishi na mwongozaji filamu wa Senegal.

Kuhusu "Umekuja?" yako: ile riwaya ya gerezani aliitafsiri mwenyewe, lakini *Matigari* alimwachia Wangui wa Goro. Si kila hadithi lazima uihamishe wewe.

fundi_jiko
Ajira ipo lakini?

mama_wa_mikanda
Ajira ni kufundisha, fundi, na mshahara wenyewe unaujua.

Mdogo wangu, mimi nafundisha filamu mwaka wa kumi na moja sasa, na hadithi naandika bado. Nikwambie ukweli: miaka miwili ya kwanza sikuandika hata ukurasa. Kila sentensi niliyoanza ilitaka kuwa makala yenye tanbihi. Kilichoniokoa ni kaunta buku. Tasnifu nikaiacha kwenye kompyuta, hadithi nikazirudisha kwenye karatasi, kwa mkono, kwa Kiswahili, alfajiri kabla watoto hawajaamka.

Huyo Sembène aliyetajwa hapo juu ndiye wa kumchunguza. Kuli wa bandari ya Marseille, anaandika riwaya kwa Kifaransa, halafu anaona watu wa kwao wengi hawawezi kuzisoma. Akaenda Moscow mwaka 1962 kujifunza kamera, naye ana karibu miaka arobaini. Filamu yake *Mandabi*, ya mwaka 1968, ilitoka kwenye hadithi yake mwenyewe ya Kifaransa, na aliipiga mara mbili, Kiwolofu na Kifaransa, waigizaji walewale. Hapo utajifunza kuliko kwenye nadharia zangu zote. Na *Ceddo* ilizuiwa kwao kwa hoja kwamba jina lina d mbili wakati serikali inataka moja! Rais Senghor alikuwa mshairi, lakini kwenye tahajia hakuwa na utani. (Nadhani kilichomuuma kilikuwa ndani ya filamu.)

Sasa neno lako. Usitafute Kiingereza cha "Umekuja?" Jiulize kamera ungeiweka wapi. Mkono wa huyo mke uko wapi wakati anasema?

Na kabla hujasaini fomu, uliza kama watakubali masimulizi ya Lufufu uyanukuu kwa Kiswahili chake. Wakitaka tafsiri tupu, tafuta chuo kingine.

benchi_la_mbele
Asante sana dada, na wewe mkuu wa mkaa. Barua pepe ya kuuliza hilo la Lufufu nimeshaituma, nasubiri.

Jana usiku niliifungua tena hadithi. Mkono wake ulikuwa kwenye kawa. Basi kwenye Kiingereza nimelifuta swali lote, hasemi kitu. Anafunua chakula, anakitazama, anakifunika tena. Kwenye Kiswahili sijagusa.

Baba mdogo bado hajapoa.