Wakuu papa wa ufukweni ni hatari kweli au ni uoga wangu tu? Naombeni ushauri

Mguu_Mchangani
Habari za mida hii wakuu. Naandika usiku huu usingizi umegoma, leo siku ya nne. Mimi mtu wa maji tangu utotoni, naogelea vizuri tu, ila kuna kitu kimenikaa kichwani kuhusu papa na Jumamosi lazima niingie baharini, nimeshaahidi mtu. Swali langu ni moja tu kwa mwenye takwimu: mtu wa kawaida kuumwa na papa karibu na ufukwe ni rahisi kiasi gani? Majibu ya kueleweka tafadhali, utani baadaye.

Jiwe_la_Chumvi
Utani kwanza mkuu. Papa hajawahi kumfuata mtu kitandani. Kaa hapo hapo ulipo.

Tarakimu
Kuna kumbukumbu ya kimataifa ya mashambulizi ya papa inatunzwa Florida. Dunia nzima, fukwe zote hizo na watu wote hao wanaoingia majini, wanaoumwa bila kumchokoza papa ni 60 hadi 70 hivi kwa mwaka, wanaokufa ni kama sita. 2024 walioumwa walikuwa 47 tu. Sasa linganisha na maji yenyewe, Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021 peke yake. Mkondo utakubeba kabla papa hajajua kama upo. Lala mkuu.

Mguu_Mchangani
Ubarikiwe sana Tarakimu, hilo ndo nilikuwa nataka kulisikia.

Shangazi_Bahari
Mie nilishaogelea na papa potwe jamani, limnyama kama basi, nikapiga ukelele ndani ya snokeli, lile bomba la kupumulia, mpaka nikanywa maji, kumbe lenyewe linachuja vidudu vidogo tu halina habari na mimi. Papa wako aina zaidi ya 500, wanaotajwa sana kwa kuua watu ni watatu, papa mweupe, papa chui na papa fahali. Na binadamu anakadiriwa kuua papa milioni 100 kwa mwaka. Hapo nani amwogope nani? Mpaka leo nikikumbuka yale madoadoa meupe mgongoni nasisimka, nilikuwa na mume wangu wa kwanza, yeye ndo alikuwa wa kwanza kupanda boti na kuniacha, hiyo stori siku nyingine.

Jiwe_la_Chumvi
Shangazi usitufanyie hivyo, fungua uzi wake.

Kina_Kirefu
Tarakimu namba zako ziko sawa, ila umeandika mwenyewe "bila kumchokoza", hapo ndipo penye shughuli. Mleta mada, nimezamia miaka mingi na sijaona mtu akose usingizi siku nne kwa ajili ya takwimu. Unaingia saa ngapi, upande gani, unafanya nini humo majini, na kimetokea nini?

Mguu_Mchangani
Naogelea tu mkuu, miwani na snokeli, mambo ya kawaida.

Kina_Kirefu
Kimetokea nini?

Mguu_Mchangani
Haya. Jumapili iliyopita mida ya saa kumi na mbili jioni nilikuwa kule mto unapoingilia baharini, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili maji yamekuwa rangi ya udongo, kitu kikanigonga paja la kulia, kizito kama umeangushiwa gunia, nageuka naona ubavu wa kijivu unapita karibu kabisa na miwani, naona jicho, likafumba, nikasikia kama mngurumo hivi, kikapotea. Sikuumwa. Nilipotoka paja lilikuwa limechubuka kama mtu amelipiga msasa. Wife nimemwambia niliteleza kwenye mwamba.

Kina_Kirefu
Mkononi ulikuwa na nini?

Mguu_Mchangani
Bunduki ya mshale. Na kabla hamjaanza, ndio, mtungo wa samaki ulikuwa kiunoni, samaki watano. Watu wote ninaowajua wanafunga kiunoni.

Jiwe_la_Chumvi
Hahaha "miwani na snokeli" 😂 umesahau kutaja sahani.

Tarakimu
Aisee nafuta kauli. Mtu anayevua kwa mshale akiumwa anahesabiwa kwenye kundi la waliomchokoza papa, kwa hiyo zile namba nilizokupa siyo zako wewe. Ungesema mapema.

Shangazi_Bahari
Na ulikuwa peke yako?? Na huyo uliyemwahidi Jumamosi ni nani?

Mguu_Mchangani
Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 15. Likizo yake inaisha. Msinirukie, dogo anaogelea kuliko mimi, nimeshamnunulia bunduki yake na miwani, tunaenda pale pale kwa sababu ndo ninapopajua na samaki wapo, na jioni kwa sababu kazi natoka jioni. Hatapiga mbizi, atabaki juu ananiangalia. Nilichotaka kujua ni kama papa akishakugonga mara moja anarudi au ndo basi.

Nanga_Nzito
Samahani wakuu naharibu shughuli. Hii ni chai, tena ina sukari nyingi. Moja, papa hana kope, anafumba jicho vipi? Mbili, papa ananguruma? Papa hana sauti. Tatu, maji rangi ya udongo, jioni, yeye kaona mpaka jicho. Mtu kaangalia video usiku kaja kutupima akili. Na nyie mnajibu kwa aya.

Jiwe_la_Chumvi
Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Mleta mada weka picha ya paja.

Shangazi_Bahari
Paja la mtu mzima la nini humu?

Mguu_Mchangani
Nanga kama unaona chai usinywe. Ngurumo inawezekana ni mimi mwenyewe, nilikuwa napumua kwa nguvu kwenye snokeli. Jicho nimeliona. Lilikuwa karibu kuliko urefu wa mkono wangu. Ngozi nyeupe ilipanda kutokea chini ikalifunika.

Kina_Kirefu
Nanga, nilikuwa nafikiri kama wewe mpaka hiyo sentensi ya mwisho. Papa mweupe kweli hafumbi, anageuza jicho kurudi nyuma. Ila papa fahali na papa chui wana kiwambo cheupe kinachopanda kutoka chini kulinda jicho wakikaribia kitu, na anayetunga stori huwa hakijui hicho. Na hilo la msasa: ngozi ya papa ina vimeno vidogo vidogo, ukipapasa kuelekea mkiani ni laini, ukirudisha mkono kuelekea kichwani inakukwangua.

Nanga_Nzito
Sawa, la jicho umenishinda. La sauti nabaki nalo.

Kina_Kirefu
Baki nalo. Mguu, sikuapii ni aina gani kwa kusimuliwa, ila mlango wa mto, maji machafu baada ya mvua, jua linazama, samaki wanavuja damu, hayo ni mazingira ya papa fahali kabisa, yule anaingia mpaka kwenye maji ya mto yasiyo na chumvi, mto Zambezi anajulikana. Kwenye tope haoni vizuri, anategemea harufu na mtikisiko na umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya samaki anayehangaika, kwa hiyo anagusa kwanza ajue ni nini. Wewe ulikuwa umemvalia mkanda wa chakula. Kama anarudi au harudi hilo siyo swali, swali ni kwa nini umpelekee tena, na mtoto juu.

Mguu_Mchangani
Basi mtungo nikiufunga kwenye boya, kamba mita 20, jioni ile ile. Hiyo si inatosha?

Kina_Kirefu
Boya sawa, mtungo mwilini usiuweke tena maisha yako. Muda na mahali hapana. Nenda asubuhi jua likiwa juu, upande wa mwamba, maji yakiwa safi unaona chini, mita nyingi toka mtoni. Papa akitokea mwachie samaki, usimpe mgongo, mtazame, rudi taratibu miguu ikipiga bila kurusha maji. Akija kabisa piga macho na matundu ya pembeni anakopumulia. Na ufukweni uwe na mkanda wa kubana damu na mtu anayejua kuufunga, maana wengi wanaokufa wanamalizwa na damu kutoka, siyo kuliwa.

Shangazi_Bahari
Na dada yako ajue mtoto wake anaenda wapi.

Tarakimu
Kuna fukwe watu wameachia kabisa. Kisiwa cha Réunion, huku huku Bahari ya Hindi, walipiga marufuku kuteleza kwenye mawimbi na kuogelea sehemu kubwa ya pwani mwaka 2013. Sisemi uache, ila bahari siyo sawa kila mahali, wastani wa dunia haukusaidii ukiwa umesimama sehemu mbaya.

Mguu_Mchangani
Sawa wakuu. Nimempigia dogo sasa hivi, nimemwambia tumehamia asubuhi saa mbili upande wa mwamba. Kauliza kwa nini. Nimemwambia asubuhi samaki ni wengi.

Jiwe_la_Chumvi
Hata mpwa naye unampa kwa mafungu.