Epidemiolojia Moshi au Entomolojia Muhimbili? Dirisha linakaribia kufungwa

Mwana_Muheza
Wakuu, habari za muda huu. Nataka kuanza umahiri mwaka huu na nimebaki na kozi mbili: Epidemiolojia na Takwimu Tumizi (kufuatilia magonjwa kwenye jamii kwa data) pale KCMUCo Moshi, siku hizi KCMC University, au Parasitolojia na Entomolojia ya Tiba (vimelea na wadudu waenezao magonjwa) pale MUHAS, chuo cha afya Muhimbili, Dar. Sifa za kujiunga ninazo kote. Ipi ina soko? Waliopita huko njooni.

kizimkazi88
Mkuu mbona umeandika nusu? Shahada ya kwanza ulisoma nini, GPA ngapi, ada analipa nani, una kazi au uko mtaani? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

MzeeWaStata
Epidemiolojia. Hata usiulize. Mbu wana msimu, data hazina msimu.

Bi_Mdogo
@MzeeWaStata wewe kila uzi ni takwimu. Juzi mtu kauliza kilimo cha vanila ukamwambia akasome takwimu.

Mwana_Muheza
Samahani wakuu. BSc ya biolojia, GPA 3.6. Nilikuwa na mkataba wa kukusanya mbu vijijini: kutega mitego ya taa jioni, asubuhi kukaa na darubini kutenganisha funestus na gambiae, aina mbili za mbu wa malaria. Mkataba umeisha. Ada mwaka wa kwanza najilipia, wa pili Mungu anajua.

Bi_Mdogo
Kama unajilipia, nisikilize mimi kwanza. Nilisoma entomolojia, chuo sikitaji. Tasnifu yangu ilihusu usugu wa mbu kwa viuatilifu, hivyo nilihitaji funestus waliolelewa insektari, yaani chumba cha kufugia mbu. Wanaojua wanajua: gambiae ukimpa maji na chakula cha samaki anakua, funestus anasusa. Kwenye kizimba kujamiiana ni kwa shida, jike akiwekewa damu kwenye utando anageuka upande wa pili, viluwiluwi vinakufa huvijui hata vimekosa nini. Tulibembelezana nao vizazi na vizazi hadi wakaanza kutaga vizuri.

Ijumaa moja utawala ukaleta watu wa kupuliza dawa ya mende ofisi za jirani. Hakuna aliyetuambia. Jumatatu nafungua mlango, vizimba vyote mbu wako chini miguu juu. Na mimi kazi yangu ilikuwa kupima kama dawa za jamii hiyohiyo zinawaua! Jibu nililipata, sema si la kuandika kwenye tasnifu.

Nikabadilisha mada. Kubadilisha mada maana yake kibali cha maadili upya, kwanza cha chuo halafu cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), na kila kamati ina tarehe zake za kukaa. Msimamizi naye alishapata kazi nje, barua pepe moja anaijibu baada ya wiki mbili. Mwaka wa ziada, ada ya ziada, mfukoni mwangu. Simzuii mtu kusoma entomolojia, naipenda mpaka leo. Ila kabla hujalipa hata senti uliza insektari ni ya nani, nani anailea, na ina mradi unaoilipia?

kizimkazi88
Dah, hiyo dawa ya mende imeniua na mimi.

MzeeWaStata
Si ndiyo nasema. Faili la data halifi kwa dawa ya mende.

nyoka_wa_maabara
Halifi, lakini leseni ya Stata, hiyo programu yako ya takwimu, inaisha. Dogo jifunze R, inafanya kazi hiyohiyo na ni bure.

MzeeWaStata
R utahangaika na vifurushi kutwa nzima, kila kimoja kinamtaka mwenzake. Stata unaandika mstari mmoja unaenda kula.

nyoka_wa_maabara
Na hiyo Stata yako uliinunua au ulipewa kwenye flashi? Jibu tuone.

MzeeWaStata
Tusitoke nje ya mada.

Mkunga_wa_Takwimu
Turudi kwenye soko. Marekani iliposimamisha misaada mwanzoni mwa 2025, PMI, mpango wao wa malaria uliokuwa ukilipia ufuatiliaji wa mbu nchi nyingi, ukayumba. Watu wa entomolojia wakaumia. Lakini asije mtu akamwambia dogo kwamba kwenye takwimu kuko salama, mimi nilikuwa mradi wa VVU na barua nilipewa kipindi hichohicho.

Mbu nao wana jambo jipya. Stephensi, mbu wa malaria aliyetoka Asia, alionekana Djibouti 2012, Ethiopia 2016, na mwishoni mwa 2022 Kenya wakamnasa. Huyu anazaliana mpaka kwenye matangi ya maji ya mjini, si dimbwi la shambani. Watakaomtambua kwa darubini wakamthibitisha kwa PCR (kipimo cha vinasaba) ni wachache, na dogo darubini tayari anaijua. Mtu wa Stata anaweza kufundishwa kazini. Kuainisha mbu kunataka jicho.

MzeeWaStata
Kufundishwa kazini?! Hao ndio wanatuletea majedwali yasiyojumlika.

Pwani_Kilifi
Watu wangu, mnasahau kuna njia ya tatu. Pwani University hapa Kilifi, Kenya, wana MSc ya bioinformatiki, na kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome kiko papa hapa mjini. Mwenye biolojia akiongeza kompyuta anakula pande zote mbili.

kizimkazi88
Ada ya mgeni atalipa nani, wewe? Kama ni njia ya tatu, bora ile MSc ya utafiti wa afya ya jamii ya chuo cha Nelson Mandela, Arusha, kwa kushirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara. Huko mwanafunzi yuko karibu na miradi yenyewe. Na uangalie ufadhili wa DAAD wa Wajerumani, ila wao wanataka shahada yako ya mwisho isizidi miaka 6. Ulimaliza lini?

Halafu kuna kitu hakuna aliyekigusa. Akitaka kufundisha chuo je? Vyuo vya umma, kwa fani zisizo za udaktari, wanataka 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya umahiri. Ana 3.6.

Bi_Mdogo
Nani kakwambia anataka kufundisha?

Mwana_Muheza
Nilimaliza 2021. Na kusema kweli ndoto yangu ilikuwa kufundisha, sikuitaja tu.

nyoka_wa_maabara
Haya, uzi unaanza upya.

Mkunga_wa_Takwimu
Basi weka chuo cha umma pembeni, fikiria taasisi za utafiti. Waandikie wasimamizi sasa hivi, usisubiri barua ya udahili. Jina la kozi halina uzito kama mtu atakayekupa data au mbu wake.

laxmi_kcmc
Mnaojua Moshi, chumba cha kujitegemea karibu na KCMC siku hizi ni shilingi ngapi? Nakuja mwezi wa kumi.

MzeeWaStata
Tafuta Shanty Town kama una hela, kama huna nenda Rau.

nyoka_wa_maabara
Rau wakati wa mvua? Unamtakia mema kweli?

Mwana_Muheza
Wakuu nimewaandikia wawili. Wa Moshi bado kimya. Wa Dar kajibu jioni hiihii: hajagusia GPA, kauliza kama nina leseni ya pikipiki.

Bi_Mdogo
Pikipiki ya nani, na mafuta analipia nani? Muulize hayo kabla hujamwambia kama unayo.