Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza kwenye mashindano ya drafti ya kanda

KeteYaPembeni
Wakuu, nilikuwa natafuta cheti fulani kwenye begi la zamani, ikadondoka karatasi ya kuandikia hatua, ya mashindano yangu ya kwanza ya kanda. Hatua ya 1 mpaka ya 14 ni mwandiko wa mtu mwenye akili timamu. Kuanzia ya 15 utadhani kapita kuku. Nikakaa hapohapo sakafuni, nikaucheza mchezo mzima upya kichwani, na tumbo likanivuruga kama siku ile.

Mnajua inavyokuwa. Kijiweni wewe ndiye mfalme, ukifika watu wanakupisha kiti. Sasa unaingia ukumbini, meza zimepangwa mistari, kila meza na saa yake, na hakuna anayepiga kelele. Nikapangiwa mzee mmoja wa miwani minene, mpole kweli, akanipa mkono, akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikajisemea moyoni, huyu nammaliza kabla hajafuta hiyo miwani.

Nilikuwa nyeupe. Nikaona mtego mtamu: nasogeza kete ya mraba namba 17 kwenda namba 14, namlisha. Kete yake ya 9 haina namna, lazima ile, itue 18. Halafu yangu ya 22 inaruka 18, inaruka na 11, inatua 8. Nimetoa moja, nimekula mbili. Niliuangalia kama dakika nne, mkono unaniwasha. Nikacheza. Mzee akala bila kusita. Nikala zangu mbili, nikazipanga pembeni ya ubao kwa madaha, tena nikazigonganisha ili jirani wa meza ya pili asikie.

Sikuwa nimeitazama kete yake ya 3. Ile ya nyumbani kabisa, mstari wa nyuma, haijaguswa tangu mchezo uanze. Ikaruka ile yangu ya 8, ikatua 12, ikaruka na ya 16, ikatua 19. Kumbe aliyetega ni yeye. Nimekula mbili, nimeliwa tatu, na hiyo ya 19 njia nyeupe mbele yake, inakwenda kufika mwisho wa ubao na kuwa kingi, anayetembea mbele na nyuma. Mzee akabonyeza saa taratibu, akavua miwani, akaifuta.

Mchezo ulipoisha nilitaka kutoroka. Akanishika mkono, akanikalisha, akapanga kete zote mpaka nafasi ileile na kunionyesha nilichotakiwa kucheza. Alitumia muda mrefu kunielekeza kuliko aliotumia kunifunga.

Nani mwingine? Mwagikeni.

BintiWaUbao
Kete za nyumbani ndizo zinazoua. Kila siku nasema.

Sare_Tupu
Hahaha hapo pa kuzigonganisha nimejiona mimi.

MgeniMezani
Samahanini wakuu, Jumamosi ndiyo naenda mashindanoni kwa mara ya kwanza. Nikiwa na njia mbili za kula, moja inakula kete moja na nyingine inakula mbili, nalazimika kula nyingi? Na mnanishauri nini kwa ujumla?

MzeeWaKona
Lazima nyingi.

HatuaTatu
@MzeeWaKona usimpoteze mtoto wa watu. Mashindano yetu ni ubao wa miraba 64, kete 12 kila upande, kingi anatembea mraba mmoja mmoja. Hapo kula ni lazima, lakini njia unachagua mwenyewe, ilimradi ukishaanza kuruka umalize mruko wote. Kula nyingi kwa lazima ni kwenye ubao wa miraba 100, wa kete 20.

MzeeWaKona
Na huo wa 100 ndiyo drafti. Kingi anakata ubao kutoka kona hadi kona. Huo wenu kingi anatambaa kama kete iliyovishwa kofia. Baba Sy, yule mkali wa Senegal, alicheza upi? Shirikisho la dunia, FMJD, lililoanzishwa 1947, lilianza na upi? Jibu hayo kwanza.

HatuaTatu
Na Marion Tinsley, bingwa wa dunia, alicheza upi? Mtu kakaa zaidi ya miaka arobaini na michezo aliyopoteza inahesabika kwa vidole. Mwaka 1992 alikaa na ile programu ya kompyuta ya Chinook, sare 33, akashinda 4, akafungwa 2. Hao ndio unawaita wanaotambaa.

MzeeWaKona
Na mwaka 2007 waliotengeneza hiyohiyo Chinook wakatangaza kwamba wakicheza wawili wasiokosea, mchezo unaisha sare. Umeshafika mwisho huo mchezo wenu. Mnacheza kitu ambacho jibu lake lipo.

BintiWaUbao
Jibu lipo kwenye kompyuta, kichwani mwako halipo. Wewe si ulifungwa na yule mtoto msimu uliopita?

MzeeWaKona
Hilo halihusiani.

Sare_Tupu
Linahusiana sana mkuu. Tupe mkasa.

MzeeWaKona
Hakuna mkasa. Mtoto wa kike wa miaka kumi na moja. Nikifikiri, yeye anachora maua nyuma ya karatasi ya hatua. Nikicheza tu, anainua kichwa, anasogeza kete, anarudi kwenye maua. Kanifunga akiwa amebakiza zaidi ya nusu ya muda wake. Halafu kanipa lile ua. Ninalo mpaka leo, mmefurahi?

KeteYaPembeni
Sana.

KinaraWaMwisho
Mimi nilikariri mwanzo mmoja miezi miwili. 11-15, yaani kete ya 11 kwenda 15, na matawi yake yote, usiku na mchana, mpaka naota. Nafika, naambiwa hapa hatua tatu za kwanza zinapigiwa kura ya bahati, mnacheza michezo miwili, wa kwanza hivi na wa pili mnabadilishana rangi. Ikatoka kura ambayo hata 11-15 haimo. Nikakaa pale kama mtu aliyebeba funguo za nyumba nyingine. Siku nzima, raundi zote, 11-15 haikutoka hata mara moja.

HatuaTatu
Ndiyo maana ya kura hiyo. Bila hivyo wakubwa wangetoa sare tangu asubuhi mpaka jioni.

KinaraWaMwisho
Nimeshaelewa mkuu, ni miaka mingi sasa. Bado inauma.

Utulivu88
Kwangu ilikuwa ile sheria ya kula. Kijiweni kwetu ukisahau kula, mwenzako anaiondoa kete yako na mchezo unaendelea. Basi nafika mashindanoni, mpinzani kasahau kula, nikaichukua kete yake kwa ushujaa, nikaiweka mfukoni. Mfukoni jamani! Mwamuzi kaja, kaniomba kwa adabu niirudishe, kasema hapa aliyesahau anarudi anakula, basi. Nikabisha. Nikabisha mpaka wa meza za jirani wakasimamisha saa zao. Mwisho mpinzani wangu mwenyewe akanitetea, akasema msimlaumu, zamani ndivyo ilivyokuwa. Hapo ndipo niliona aibu kuliko kote.

Sare_Tupu
Mfukoni 😂😂

BintiWaUbao
@MgeniMezani ushauri wangu: lala mapema, na ukigusa kete ujue umeicheza. Mikono weka chini ya meza mpaka uamue.

KinaraWaMwisho
Usilale. Pitia miisho: kingi wawili kwa mmoja aliyejificha kwenye kona mbili, ile kona yenye miraba miwili ya kuchezea. Watu wengi wanakubali sare pale na kumbe mwenye wawili anashinda akijua njia ya kumtoa.

Utulivu88
Ushauri: mifuko ishone.

MzeeWaKona
Ushauri: hamia ubao wa 100.

Wa_Zamani_Kidogo
Nimekuwa nasoma tu humu, leo naandika. Hii ya kwangu sijamwambia mtu.

Ilikuwa mashindano yangu ya tatu. Nilikuwa na pointi nyingi, na mnajua pale wanapanga kwa pointi, mwenye nyingi kwa mwenye nyingi, kwa hiyo raundi ya mwisho nikakutana na mama mmoja ambaye ndiye aliyeniandikisha miaka yote. Ndiye anayekaa mlangoni, anamjua kila mtu kwa jina, asiye na saa anaazimwa ya kwake. Hata siku hiyo saa iliyokuwa mezani kwetu ilikuwa yake. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitika, akanitakia mchezo mwema.

Hatua ya 22 nikawa nimebanwa. Sikuona pa kutokea. Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani. Simu ilikuwa kwenye soksi. Nilikuwa nimeiweka huko toka asubuhi, kwa hiyo siwezi kusema ni shetani wa ghafla. Nikapanga nafasi kwenye programu, nikasubiri sekunde chache, ikanipa hatua. Kulisha kete mbili, moja baada ya nyingine. Mimi mwenyewe hata nilipoiona sikuielewa.

Nikarudi, nikacheza. Mama akainua macho, akanitazama mimi badala ya ubao. Akala ya kwanza, akala ya pili, baada ya hapo ubao ukafunguka na kila kitu kikawa changu. Akasaini karatasi ya matokeo, akanipa mkono.

Halafu, kama kawaida ya watu wetu, akasema tuupitie. Akapanga kete mpaka hatua ya 23. Akaniuliza, "Hapa ulionaje, mwanangu?" Hivyo tu. Watu watatu wanne wamesimama nyuma yetu wanasubiri kujifunza. Nikababaika nikasema niliona tu nafasi. Akasema, "Na mimi ningecheza hivi ungejibuje?" akasogeza kete moja. Sikujua. Nikataja jibu, likawa la kupoteza mchezo. Akanyamaza kidogo, akaanza kukusanya kete, akawaambia wale waliosimama kwamba kachoka, watamwona baadaye. Kikombe nilipewa mimi.

Mwaka uliofuata sikwenda. Wa pili yake nikaenda, akaniandikisha mlangoni kama hakuna kilichotokea, akaomba namba yangu. Toka hapo kila Jumapili ananitumia nafasi moja ya kutatua, na chini anaandika maneno yaleyale: "bila mashine." Kwa miaka sasa. Hajawahi kusema zaidi ya hapo.

KeteYaPembeni
Dah.

HatuaTatu
Rudisha kikombe. Hakuna mjadala. Mwandikie mwamuzi mkuu wa kanda matokeo yafutwe.

Utulivu88
Yafutwe baada ya miaka yote hiyo? Aliyekuwa wa tatu atatafutwa wapi? Mwombe mama radhi uso kwa uso, mengine yaache.

KinaraWaMwisho
Samahani mkuu lakini mimi siwezi kukuonea huruma. Nilikariri 11-15 miezi miwili kwa kichwa changu hiki. Wengine tunafungwa kihalali.

BintiWaUbao
@KinaraWaMwisho hajaomba huruma. Soma vizuri. Amesema sijamwambia mtu.

MzeeWaKona
Mama alijua toka alipoinua macho. Anayecheza miaka mingi anaujua mkono wa mtu. Angetaka angemwita mwamuzi palepale na simu ingekutwa kwenye soksi. Alichagua asikuvue nguo mbele za watu. Sasa wewe unataka kumwendea na kikombe mlangoni, watu wamepanga foleni kujiandikisha? Hapana. Nenda kwake taratibu.

HatuaTatu
Leo nakubaliana na wewe nusu. Taratibu, sawa. Lakini kikombe kirudi.

Sare_Tupu
Hawa wawili wamekubaliana nusu, andikeni tarehe.

KinaraWaMwisho
Swali la kweli, si la kejeli: hizo nafasi za Jumapili huwa unazitatua mwenyewe?

Wa_Zamani_Kidogo
Mwenyewe. Zote. Mwanzo nilikuwa nakosea karibu kila moja na nilikuwa namtumia hivyohivyo na makosa yake. Anasahihisha, ananirudishia. Kwa sasa napata nyingi kuliko ninazokosa.

BintiWaUbao
Na ya Jumapili hii?

Wa_Zamani_Kidogo
Ndiyo iliyonifanya niandike hapa. Nilipoipanga ubaoni nikaitambua. Ni ileile ya siku ile, hatua ya 23, lakini ameanzia pale aliposogeza ile kete na kuniuliza ningejibuje.

KeteYaPembeni
Aisee.

MzeeWaKona
Umejibu?

Wa_Zamani_Kidogo
Bado. Nina siku ya nne ubao uko mezani. Simu nimeiacha chumba kingine.

MgeniMezani
Wakuu poleni kwa kuingilia. Nimeshaelewa kuhusu kula, asanteni. Ila huyo mama wa mlangoni, ndiye atakayeniandikisha Jumamosi? Maana sina saa.

BintiWaUbao
Ndiye. Nenda tu, atakupa.