Mjadala: Je, raia wa Marekani anayeuza bunduki yake binafsi alazimishwe kupitia kwa muuzaji mwenye leseni?

Mtoa hoja

Sheria ya shirikisho ya Marekani, ambayo mzizi wake ni ile ya mwaka 1968, inamkataza kila mtu, awe mfanyabiashara au asiwe, kumuuzia silaha mtu ambaye anajua, au ana sababu ya msingi ya kuamini, kwamba haruhusiwi kuimiliki, kwa mfano aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai. Hata hivyo, mfumo wa kukagua rekodi za wanunuzi, unaoendeshwa na FBI tangu Novemba 1998, haukufunguliwa kwa raia wa kawaida. Wanaoutumia ni wauzaji wenye leseni. Anayeuza dukani humjazisha mnunuzi Fomu 4473, ile fomu ya shirikisho ya taarifa za mnunuzi wa silaha, kisha husubiri jibu, ilhali anayeuza bastola yake sebuleni hubaki akimtazama mnunuzi usoni.

Ninavyoona, sheria imempa muuzaji binafsi wajibu bila kumpa nyenzo ya kuutimiza. Majimbo kadhaa, yakiwemo Colorado tangu mwaka 2013 na Washington kwa kura ya wananchi ya mwaka 2014, yameamua kwamba mauzo ya namna hiyo yapitie kwa mwenye leseni. Hoja yangu ni kwamba nchi nzima ifuate njia hiyo.

Mchangiaji wa kwanza

Napinga, na sisemi hivyo kwa kudharau usalama. Nilipouza bunduki yangu ya kuwindia niliomba kuona leseni ya udereva ya mnunuzi, kwa kuwa sheria ya shirikisho hainiruhusu kumuuzia moja kwa moja mkazi wa jimbo jingine. Tukaandika hati ya mauziano nakala mbili, tukanakili namba iliyochongwa kwenye chuma cha bunduki herufi kwa herufi, naye akatia sahihi kwamba hana kizuizi chochote cha kisheria. Hakuna sheria ya shirikisho iliyonilazimisha kuandika karatasi hiyo. Niliiandika ili siku polisi wakiifuatilia silaha hiyo mpaka kwangu niwe na jibu.

Hofu yangu ni daftari. Kila mauzo yakishapita dukani, serikali itakuwa imebakiza hatua moja tu kuwa na orodha ya wamiliki wote, na wenye orodha ndio wenye uwezo wa kunyang'anya.

Mchangiaji wa pili

Hati ya mauziano ni jambo jema, lakini sahihi ya mnunuzi haimzuii mwongo. Mwaka 2014 mtu mmoja wa Texas alikwama kwenye ukaguzi aliponunua dukani. Baadaye alipata bunduki kwa mtu binafsi, bila kukaguliwa, na Agosti 2019 akaua watu saba katika miji ya Midland na Odessa. Aliyemuuzia alikuja kufungwa kwa kosa la kufanya biashara ya silaha bila leseni.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Anayeuza moja au mbili kutoka kwenye mkusanyiko wake si mfanyabiashara, ila anayenunua na kuuza mara kwa mara kwa lengo hasa la kupata faida anahitaji leseni, na sheria ya mwaka 2022 ilipanua tafsiri hiyo. Mtu anaweza kudhani anapunguza vitu kabatini kumbe ameshavuka mstari.

Mtoa hoja

Hofu ya daftari naiheshimu, lakini nadhani imekwisha kujibiwa na sheria zenyewe. Ile ya mwaka 1986 inaikataza serikali ya shirikisho kuanzisha kanuni ya kusajili silaha au wamiliki wake, na rekodi ya mnunuzi aliyeruhusiwa hufutwa katika mfumo wa ukaguzi ndani ya saa 24. Fomu hubaki kwa muuzaji mwenye leseni.

Ninapokubali kurudi nyuma ni kwenye familia. Washington imeacha nje zawadi za dhati baina ya ndugu wa karibu, na hata katazo la shirikisho la kuvusha silaha kutoka jimbo hadi jimbo haligusi urithi, mradi mrithi mwenyewe anaruhusiwa kumiliki. Kumpeleka mjane dukani ili amkabidhi mwanawe bunduki ya marehemu ni usumbufu usio na tija.

Mchangiaji wa kwanza

Basi nifungulieni mimi muuzaji huo mfumo, nipige simu mwenyewe, nipewe jibu la ndiyo au hapana, bila fomu kubaki dukani. Aprili 2013 Seneti ilipopigia kura pendekezo la kupanua ukaguzi hadi kwenye maonyesho ya silaha na matangazo ya intaneti, kura 54 za kuunga mkono hazikutosha kwa sababu zilihitajika 60. Njia ninayoitaja mimi ningeiunga mkono hata leo.

Mtoa hoja

Na ukipewa jibu la "hapana", mnunuzi akiwa ameketi mbele yako ndani ya nyumba yako, utafanya nini? Ndiyo maana bado nataka kazi hiyo ifanyike kaunta ya duka.