Mjadala: Mgahawa ambao jiko lake halina pa kutolea moshi unyimwe leseni?

Wakuu, hili naomba tulijadili kwa uzito wake. Afisa afya akiingia mgahawani hapa Dar, anadai kadi za vipimo vya wapishi. Sawa, mteja alindwe. Lakini hewa anayovuta mpishi huyo tangu alfajiri, nani anaiuliza?

Zungukeni nyuma ya fremu za chipsi Kariakoo. Kwa wateja kuna feni. Jikoni kuna kidirisha kimoja, wavu wake umeziba kwa masizi na mafuta, na jiko la mkaa liko pembeni. Kijana wa kukaanga kila akiepua anakimbilia mlangoni, macho mekundu, anapangusa jasho kwa aproni, anarudi. Jioni kichwa kinamgonga, anameza panadol, anasema ni uchovu. Huenda siyo. Mkaa ukiwaka ndani hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na dalili zake za mwanzo ndizo hizo: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu.

Wengine watasema dawa ni gesi, na serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Naunga mkono kabisa. Ila gesi haiondoi joto, wala moshi wa mafuta ya kukaangia, ambao shirika la utafiti wa saratani la IARC limeuweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mama ntilie anayepikia chini ya mwembe ana nafuu kuliko mpishi wa fremu!

Wenye migahawa hujitetea kwamba mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Ni kweli, ndiyo maana nasema naye abanwe. Sheria ya usalama na afya kazini ipo tangu 2003, na ile ya ajira ya 2004 inataka saa moja ya mapumziko kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Kibarua wa kulipwa kwa siku atamdai nani? Akilalamika leo, kesho nafasi yake ina mtu mwingine.

Msimamo wangu: bila bomba la moshi au feni ya kutoa hewa, hakuna leseni ya kupika. Waliopo wapewe muda warekebishe.

Mnaopinga karibuni. Na wenye migahawa mliokwisha kufunga bomba au feni hiyo, tuambieni: iligharimu kiasi gani, na alilipa nani, wewe au mwenye nyumba?