MREJESHO: Ile safari ya Dar mpaka Barbados

Wakuu salama? Mrejesho wa lile swali langu, niliuliza kwenda Barbados nipite Miami au Amsterdam. Nilipita Amsterdam, tiketi moja mwanzo mwisho. Miami bei ilinivutia kweli ila Marekani hata kama unapita tu lazima uwe na viza, unagonga uhamiaji na begi unalichukua mwenyewe unalikabidhi tena ndo upande ndege nyingine, sasa presha yote hiyo ya nini. Pale JNIA, airport ya Dar, dada wa kaunta alivyofunga lebo kwenye begi nikachungulia, BGI, yani Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, moja kwa moja, nikashusha pumzi.

Mliosema nisogeze tarehe mbarikiwe, vimbunga kule msimu wake Juni mpaka Novemba, mi nimeenda Januari jua tupu. Usingizi ndo ulinitesa, wako nyuma yetu masaa 7, saa nane usiku macho kodo nawaza supu na chapati wakati Kariakoo kumeshakucha kitambo.

Halafu nguo za mabaka ya kijeshi msibebe kabisa, kule ni kosa kisheria hata kwa mtoto. Kofia ya dogo niliiacha home.